Mkuu wa Familia

Mashine ya kusafisha damu ilimwachia Bibi Jumamosi saa saba mchana, na ingemtaka tena Jumanne saa moja asubuhi. Siku hizo zisizotimia tatu ndizo alizokuwa akizipigia hesabu tangu kitukuu wake azaliwe. Nesi alimbandika plasta ya nailoni kifuani, pale mpira ulipoingilia, akamkumbusha kwa mara ya nne.

"Maji yasipite kiunoni, Bibi. Na kunywa ni lita moja kwa siku, chai ikiwemo, supu ikiwemo."

"Na machozi?"

"Hayo yanatoka, hayaingii. Lia utakavyo."

Nje, mwanawe Desmond alikuwa amesimamisha Landkruza kuukuu bila kuzima injini, kwa sababu gari lile likizimwa huwa linafikiria upya kama linataka kuwaka. Kiti cha nyuma walikaa Trevina, mjukuu, na mwanawe Kiarna wa miezi minane, katikati ya mablanketi, unga, nyama ya kopo na mikia miwili ya kangaruu iliyoganda kwa barafu.

"Mafuta nimejaza, Mama," alisema Desmond. "Dola mia mbili na arobaini. Nasema tu, sidai."

"Hujadai lakini nimesikia. Endesha."

Walikuwa wanakwenda kwenye chemchemi za maji moto, kilomita mia sita kusini mwa mji wa Alice, na mia nne kati ya hizo ni vumbi na mawe. Ramani inaziita Chemchemi za Hartigan, kwa jina la mzungu mmoja aliyepita pale na ngamia wake, akanywesha, akaondoka. Jina la kweli tunalo wenyewe.

Bibi hakuwa akienda kuoga. Maji yale hayampokei mtu asiyetambulishwa. Anayejulikana nayo huchota kinywani, humpulizia mgeni kichwani, kisha huwaambia wazee wa kale walio mle majini, kwa lugha yao, kwamba huyu ni fulani, mtoto wa fulani, amekuja kwao, msimdhuru. Kiarna alikuwa hajatambulishwa. Waliokuwa na maneno hayo yote sawasawa walikuwa wawili, Bibi na kaka yake, na kaka alifariki wakati wa joto lililopita. Desmond lugha anaisikia lakini haisemi. Akijaribu, hata mbwa wanamcheka. Trevina ndiyo kwanza alikuwa anafundishwa, kule kule kwenye kiti cha mashine, sentensi mbili kwa wiki, mpaka mgonjwa wa kiti cha jirani naye akazishika na kumsahihisha.

Na Bibi alikuwa mgonjwa zaidi ya alivyowaambia. Daktari alikuwa amemwambia wiki mbili nyuma, akamwomba awaambie wanawe. Alijibu kwamba atawaambia, hakusema lini.

*

Walifika Jumapili saa sita mchana. Barabarani palikuwa na mnyororo, na pembeni kibanda kipya cha mabati. Mbele ya kibanda lilisimama bango kubwa la kukaribisha wageni. Lilikuwa na maandishi marefu, na juu ya maandishi picha ya mzee mwenye kofia, lakini sura ilikuwa imezibwa kwa utepe mweusi.

Utepe ule tuliubandika sisi. Mtu wetu akifa hatutazami picha yake na hatutaji jina lake, mpaka muda upite mrefu, na kwa wengine haupiti kamwe. Wiki ya msiba familia ilikwenda pale na utepe, ikaziba uso, ikarudi. Chini ya picha jina lilibaki limeandikwa wazi, majina yote mawili. Hakuna aliyelifikiria, maana ni nani wa kwetu angelisoma kwa sauti? Tulisahau kwamba bango lile halikuwekwa kwa ajili yetu.

Askari wa hifadhi alikuwa binti wa miaka kama ishirini na minne, anaitwa Imogen, katoka Melbourne, ana wiki tatu kazini na pua imeshaungua kwa jua. Alikuja dirishani anatabasamu.

"Karibuni sana! Mna tiketi?"

"Sisi ni wa hapa," alisema Desmond.

"Ah, sawa kabisa. Wenyeji hawalipi." Akafungua faili la plastiki. "Ziko familia tano. Niambieni jina la mkuu wa familia, nikiliona hapa nawafungulia."

Desmond aliangalia usukani. Trevina alianza kumfuta mtoto mdomo ambao haukuwa mchafu. Bibi alitazama mbele tu, kwenye mnyororo.

"Mkuu wa familia?" binti alirudia, sasa kwa sauti kubwa, kama anaongea na kiziwi.

"Ni kaka yake mama," alisema Desmond.

"Vizuri. Anaitwa nani?"

"Ni yule tuliyempoteza."

"Oh. Poleni sana." Na pole yake ilikuwa ya kweli. "Alikuwa akiitwa nani?"

Imogen aliwatazama mmoja mmoja, na kidogo kidogo lile tabasamu likamtoka. Alikuwa ameonywa wiki ya kwanza kwamba wako watu watakaojifanya wenyeji ili wasilipe. Aliomba vitambulisho. Kadi ya pensheni ya Bibi ilikuwa na ukoo wa mumewe, leseni ya Desmond vilevile. Hakuna ukoo kama huo kwenye faili.

"Nionyeshe hiyo karatasi, nikuwekee kidole tu," alisema Trevina.

"Siruhusiwi. Ni taarifa za watu."

"Ni taarifa zetu!"

"Ndiyo, lakini sijajua bado kama ni zenu."

"Basi mpigie Russell, bosi wako. Russell anatujua tangu tuko tumboni."

"Russell yuko likizo, Bali. Harudi mpaka mwisho wa mwezi." Binti alihema. "Mna uthibitisho mwingine wowote?"

Ndipo Bibi aliposema, bila kugeuza shingo. "Mwambie nilizaliwa pale walipojenga choo cha watalii. Akaangalie vizuri, huenda kitovu changu bado kipo."

Imogen alikuwa mwekundu kwa jua, akazidi kuwa mwekundu. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa na faili, na mwenye faili si rahisi kumwamini mwenye mdomo. "Sikilizeni," alisema, "kwa nini msilipe tu leo? Dola kumi na sita, gari zima. Tutakuja kurekebisha baadaye."

Desmond alishatoa kadi yake mfukoni.

"Rudisha," alisema Bibi.

"Mama, ni kumi na sita. Nimetia mafuta ya mia mbili na arobaini."

"Mafuta umemlipa mwenye mafuta. Hapa unamlipa nani? Ukilipa leo, huyu mtoto naye atakuja kulipa. Rudisha kadi."

"Na lile?" Desmond alinyoosha kidole magharibi. Wingu lilikuwa limeanza kujikusanya, la chini, la rangi ya chuma. Mvua ikinyesha kule barabara inafungwa, na ukikamatwa unaendesha juu ya tope faini inahesabiwa kwa kila gurudumu. Lakini hata faini si kitu. Bibi akikwama, Jumanne ingepita bila mashine, na mwili wake haukuwa na pa kuyaweka maji ya siku nyingi. Kila mmoja mle garini alijua hesabu hiyo.

"Tuzunguke kwa njia ya zizi la zamani," alisema Trevina polepole. "Hakuna mnyororo kule. Dakika ishirini tu."

"Mwenda kwao si mtumwa," alisema Bibi. "Wala si mwizi. Nasubiri hapa hapa."

Wakasubiri. Saa nzima ilipita gari likiunguruma, jua likiwapiga kwenye kioo. Bibi alimeza mafunda mawili kutoka kwenye chupa yake ya lita, akaangalia alama aliyochora kwa kalamu, akafunga kizibo.

*

Nyuma yao lilikuja kusimama gari jeupe linalovuta karavani, nyumba ya magurudumu. Mwenyewe alikuwa mstaafu mmoja anayeitwa Noel, kaptula na ndala, mtu wa maneno mengi. Alishuka akasalimia kila mtu, akamuuliza Imogen kuna nini, akaambiwa wanatafuta jina.

"Jina gani?"

"La mkuu wa familia yao. Hawataki kulisema."

Noel alipenda kusaidia. Watu wa namna hiyo wako wengi barabarani miezi ya baridi, na mara nyingi ndio watakaokuvuta gari likizama mchangani. Alienda kwenye bango, akaanza kusoma akifuata mstari kwa kidole, kama wanavyofanya watalii wanaotaka kupata thamani ya tiketi yao.

"Sasa, si huyu hapa?" alisema. "Huyu aliyezibwa sura? Ameandikwa kabisa."

Akalisoma. Majina yote mawili, taratibu na wazi, kama mtu anayetangaza matokeo ya mpira.

"Ndiye!" Imogen aligonga faili kwa furaha. "Namba tatu!" Akalirudia jina, na akaongeza, "Na familia yake. Jamani, mbona hamkusema tu tangu mwanzo?"

Trevina aliziba masikio ya mtoto, lakini alishachelewa. Desmond alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Bibi alikuwa amejivutia blanketi kichwani, hakuonekana ila vidole. Ndani ya blanketi hakulia kwa sauti. Walisikia tu pumzi yake ikipanda na kushuka, na pumzi ile ilikuwa fupi.

Mnyororo ulianguka chini. Imogen alisimama pembeni akiwaashiria wapite, na sasa tabasamu lake halikujua lielekee wapi.

"Turudi, Mama?" Desmond aliuliza.

Blanketi lilisema, "Limeshatajwa. Mlango uko wazi. Endesha."

*

Bwawa kuu lilikuwa na watalii kama kumi, wamekumbatia mipira mirefu ya kuelea ya rangi ya waridi na kijani, wanazungumza habari za matairi. Maji yale ni ya vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto, meusi kidogo kwa kina, na yana samaki wadogo wanaodonoa vidole vya miguu. Bibi alishikwa huku na huku, Desmond kulia, Trevina kushoto na mtoto begani, wakashuka ngazi za mbao.

Maji yalipofika magotini alisimama. Yalipofika mapajani Desmond alisema, "Hapo panatosha," na yeye akaongeza hatua mbili. Yaliishia kiunoni kamili, nusu kiganja chini ya plasta.

"Bibi, hawa watu," Trevina alinong'ona.

"Waache. Nao wamekuja bila kutambulishwa, hatuwezi kuwatoa wote."

Aliinama, akachota kwa kiganja, akajaza kinywa. Akampulizia Kiarna utosini. Mtoto alishtuka, akakunja uso, kisha akaamua kucheka. Bibi akainua sauti na kuanza kusema na wale walio majini, na watalii wakanyamaza mmoja mmoja, hata habari za matairi zikakoma.

Alisema jina la mtoto, na la mama yake. Alipofika kwenye sehemu ya ukoo, pale ambapo zamani kaka yake ndiye alikuwa akipokea, pumzi ilimwishia. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Desmond alimkaza mkono, anayajua maneno yanayofuata na hawezi kuyatamka, na aibu ilimpanda mpaka macho yakamwasha.

Trevina ndiye aliyemalizia. Alisema kwa woga, haraka haraka, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. Akasema ni wa nani, wa upande gani, kwamba wamwangalie. Halafu akamtazama bibi yake.

"Umekosea neno moja," alisema Bibi alipopata pumzi. "Lakini wameelewa."

Aliinama tena, akachota, na safari hii hakupuliza. Alimeza. Akachota tena akameza. Desmond alitaka kusema juu ya lita moja, akaona afadhali anyamaze.

*

Walikuwa wanachoma mkia wa kangaruu kwenye majivu Noel alipokuja na keki ya ndizi kwenye bakuli la plastiki.

"Nimewasaidia pale getini, eh?" alisema.

Trevina alifungua mdomo. Desmond alimuwahi. "Ndiyo, mzee. Ulisaidia."

"Karibuni keki basi. Mke wangu kaoka mwenyewe." Akaondoka na ndala zake, moyo mweupe. Desmond alikula vipande viwili kwa hasira, kisha cha tatu kwa sababu keki ilikuwa nzuri.

Imogen alikuja baada yake, na faili kwapani. Alikuwa amempata Russell kwa simu ya setilaiti, na Russell alikuwa amemweleza, inaonekana kwa maneno makali, maana macho ya binti yalikuwa mekundu. Alisimama mbali kidogo na moto.

"Mama, sikujua," alisema. "Nimelitaja kabisa, tena nikalirudia. Sina la kusema. Naomba radhi."

Bibi hakumwambia kwamba si neno, kwa sababu lilikuwa neno. "Kaa," alisema. "Hiyo karatasi ndiyo ile?"

"Ndiyo."

"Namba tatu futa. Uandike upya."

Imogen alikaa mchangani, akatoa kalamu. "Niandike jina lako?"

"Weka lako, Bibi," alisema Trevina. "Sasa wewe ndiye mkubwa."

Bibi alicheka, kicheko kilichogeuka kikohozi. "Langu? Mnataka mkwame tena getini?"

Desmond aliacha kutafuna. Ndipo walipojua alichoambiwa na daktari, na hakuongeza hata neno moja juu yake, si usiku ule wala baadaye.

"Basi mimi," alisema Desmond, na sauti ilimkwaruza. "Mimi ndiye mwana wa kwanza."

"Wewe una presha na unakula pai tatu kwa siku. Mwandike huyu." Alimnyooshea kidole Kiarna, aliyekuwa amekaa kwenye blanketi akinyonya kijiko. "Jina hili litakaa muda mrefu."

Imogen alisoma fomu mbele na nyuma. "Mama, nadhani mkuu wa familia anatakiwa awe mtu mzima."

"Imeandikwa hivyo?"

Binti alisoma tena. "Hapana. Haijaandikwa."

"Basi andika."

Akaandika. Jina: Kiarna. Umri: miezi minane. Penye sahihi walimpaka mtoto masizi ya kopo la chai kwenye kidole gumba, akagandamizwa, akaacha alama kubwa kuliko kidole chenyewe kwa sababu alichezesha mkono. Desmond alicheka mpaka akalia, au kinyume chake.

"Na lile bango," alisema Bibi. "Una utepe?"

Imogen alikuwa nao garini. Alienda mwenyewe kuliziba jina, kabla giza halijaingia.

*

Matone ya kwanza yaliwakuta wakifunga mizigo. Waliondoka usiku huo huo, Desmond akiendesha na Trevina akimsimulia upuuzi asije akasinzia, na asubuhi redio ilitangaza barabara imefungwa nyuma yao. Jumanne saa moja kasorobo Bibi alikuwa kwenye mizani ya kituo. Nesi alisoma namba, akashusha miwani.

"Kilo tatu na nusu zimeongezeka! Umekunywa nini, Bibi?"

"Nilionja tu," alisema, akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Alifariki kabla ya joto kwisha. Utakuwa umeona kwamba tangu nianze sijamtaja kwa jina, wala sitamtaja. Jina lake halimo kwenye bango lolote, na faili la getini halina habari naye.

Mwaka uliofuata, miezi ya baridi, Landkruza ile ilifika tena kwenye mnyororo, inaunguruma. Trevina alikuwa anaendesha, Desmond pembeni yake, na kuna mtoto mchanga wa binamu aliyeletwa kutambulishwa. Imogen alishahamishwa. Alikuwepo kijana mpya, pua imeungua vilevile, na faili lile lile.

"Karibuni! Mkuu wa familia ni nani?"

"Kiarna," alisema Trevina.

Kijana alipitisha kidole, akafika namba tatu, akaona alama ya masizi. "Sawa, nimemwona. Naweza kuongea naye kidogo?"

"Amelala kiti cha nyuma. Ukimwamsha utajuta."

Kijana alichungulia dirishani. Akaangalia karatasi, akaangalia tena kiti cha nyuma, kisha akaenda taratibu, bila kelele, kufungua mnyororo.